Haya na Woga: Mwanamke Mwislamu na Uongozi Kazini

 

 

Jambo lililokusudiwa leo ni jambo la kazi. Si kazi ya nyumbani, kwa kuwa hiyo hapana anayekana kwamba mwanamke aijua na aiongoza. Ni kazi ya ofisini, ya hospitali, ya shule, ya duka na ya karakana, ambako mabinti wa Waislamu wa mji huu wa Kigali wameingia, na ambako wengi wao wafika mahali wakasimama. Hawasimami kwa kukosa elimu. Hati wanazo, na wengine hati zao ni bora kuliko za wakubwa wao. Wasimama kwa sababu kila unapofika wakati wa kusema, au wa kuamua, au wa kutia sahihi, kuna kitu kinachowafunga ulimi. Na pembeni mwao kuna watu wanaofurahi kuuona ulimi huo umefungwa.

Na utolewe mfano mmoja, ambao kila aliyewahi kukaa ofisini ataujua. Binti ni karani wa hesabu. Hesabu za mwezi ni yeye aliyezifanya, na kosa lililokuwamo katika hesabu za mwezi uliotangulia ni yeye aliyeliona. Siku ya mkutano, mkuu wa ofisi auliza, "Kwa nini gharama za safari zimezidi?" Binti ajua jibu. Aangalia meza. Mwenziwe wa kiume, ambaye jana tu aliomba kuonyeshwa karatasi zile, ainuka na kulisema jibu lile lile kwa sauti kubwa, tena kwa kulikosea kidogo. Mkuu ashukuru. Mwaka ukigeuka, cheo kikitafutiwa mtu, yule aliyesema ndiye akumbukwaye. Binti arudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba ofisini kuna upendeleo. Pengine upo, mara nyingi upo. Lakini siku ile mlango ulikuwa wazi, na hakuingia.

Mama yake, akiwa ni mwenye kusema kweli, ataikumbuka siku nyingine. Wageni walikuja, mmoja wao akawauliza watoto wamejifunza nini chuoni. Mvulana akasukumwa mbele aseme, hata alipokuwa hajui. Msichana, aliyekuwa amehifadhi zaidi ya nduguye, akaambiwa alete maji ya kunawa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Yalikuwa mazoea ya nyumba. Lakini mtoto aliyezoezwa miaka 15 kwamba jibu lake halihitajiwi, hawezi kugeuzwa kwa barua moja ya kuajiriwa.

Hapa ndipo yanapochanganywa mambo mawili ambayo dini imeyatenga mbali, nayo ni haya na woga. Haya ni sehemu ya imani, na ni pambo la mwanamume kama lilivyo la mwanamke. Mtume, sala na salamu zimshukie, alijulikana kwa wingi wa haya, na wala hapakuwa na aliyemshinda ushujaa. Haya humzuia mtu na lililo baya. Woga humzuia na lililo la haki yake na la wajibu wake. Mwenye haya hasemi uwongo, hajitangazi kwa asilolifanya, hapokei rushwa, hajifungii faragha na asiyekuwa maharimu wake. Mwenye woga aona fedha zimeibwa akanyamaza, kisha akaitwa binti mwenye adabu. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Nao walimwuliza Mtume uso kwa uso mambo ambayo leo watu wengine huona taabu kumwuliza daktari. Waswahili nao wana neno lao kwamba mficha uchi hazai, nalo ni neno kali lakini limewekwa mahali pake.

Waislamu wa Rwanda, kuliko watu wengine, wangepaswa kulifahamu jambo hili upesi, kwa kuwa wao wenyewe waliwahi kusimamishwa mlangoni. Wazee wa Biryogo na Nyamirambo wanazo habari hizi kwa wazee wao. Uislamu uliingia pamoja na wafanya biashara wa pwani, na askari na makarani waliofuatana na Wajerumani. Kigali ilipofanywa boma na Richard Kandt mwaka 1907, Waswahili walikuwamo, na msikiti wa Nyamirambo wahesabiwa tangu mwaka 1913. Ulipokuja utawala wa Wabelgiji, Waislamu wakawekwa mahali pao mbali, palipoitwa Kambi ya Waswahili, na kutoka na kuingia kukawa na masharti. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Baba Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alijua kwamba huenda mtoto akarudi na jina jingine na dini nyingine, basi wengi wakawaweka watoto nyumbani. Matokeo yake ni kwamba ofisi za serikali zilijazwa na wengine, na Waislamu wakashika biashara ndogo, na cherehani, na usukani wa lori. Kazi hizo ni za halali na zimelisha watu. Lakini walisemwa kwamba hawana akili ya ofisi. Walisemwa hivyo na watu wale wale waliowafungia shule.

Mtu aliyesikia babu yake akisemwa hivyo atawezaje kumtazama binti yake mwenyewe na kusema kwamba wanawake hawana akili ya uongozi? Hoja ni ile ile. Kwanza mtu hunyimwa kazi ya kujifunzia, kisha kutojua kwake kukafanywa dalili kwamba hafai kupewa.

Na tena hoja hiyo haikutoka katika dini. Mtu akitaka kujua mwanamke mkuu wa kazi alivyokuwa, asitafute mbali; atazame nyumba ambamo Mtume mwenyewe aliajiriwa. Bibi Khadija binti Khuwailid alikuwa mfanya biashara mkubwa katika Makka. Alikuwa hasafiri na misafara. Aliwatuma watu kwa mali yake, na faida ikagawanywa kwa mapatano. Huu ni utaratibu ambao wanavyuoni wauita mudharaba, na ndani yake mna hatari kubwa kwa mwenye mali. Msafara uendao Sham hukaa njiani miezi, na aliyekabidhiwa mali aweza kuuza kwa bei moja na kutaja nyingine, na hapana simu wala barua ya benki ya kumkamata. Kwa hiyo kazi ya Bibi Khadija haikuwa kukaa na kungoja faida. Kazi yake ilikuwa kuchagua watu, kupatana nao, na kuwachungua.

Na itazamwe jinsi alivyoifanya. Alipata habari za kijana wa Kikuraishi aliyejulikana kwa ukweli na uaminifu. Hakungoja kijana huyo aje kubisha hodi. Alimpelekea maneno yeye. Akamwahidi zaidi ya alivyokuwa akiwapa wengine, kwa kuwa alijua kwamba amana ina bei. Akamtuma pamoja na mtumishi wake Maisara. Msafara uliporudi, akatazama faida iliyopatikana, na akamsikiliza Maisara juu ya aliyoyaona njiani. Hayo ndiyo ambayo leo hufundishwa katika vyuo vya uongozi kwa ada kubwa, yaani kumchagua mtu kwa sifa yake, kumlipa kwa kadiri yake, kumpima kwa hesabu na kwa ushahidi. Ya ndoa yalikuja baada ya hayo, na ndiyo yanayosimuliwa zaidi katika maulidi. Si vibaya. Lakini mabinti husikia habari za mke mwema wasisikie habari za mkuu wa kazi, ilhali mtu ni yule yule, na busara ni ile ile aliyoitumia usiku ule Mtume aliporudi kutoka pangoni akitetemeka. Mwanamke aliyezoea kuwapima watu na kuamua, ndiye aliyepata maneno ya kumtuliza, na ndiye aliyejua ampeleke kwa nani, kwa Waraka bin Naufal, mtu mwenye elimu ya vitabu.

Yuko pia Shifa binti Abdullah, wa ukoo wa Adiyy katika Makuraishi, aliyejua kuandika wakati ambapo waandishi katika Makka walikuwa wachache hata kwa wanaume. Yeye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Imepokewa ya kwamba Sayyidna Umar alikuwa akiitanguliza rai yake, na pengine alimpa sehemu ya mambo ya soko. Habari hii ya soko wapo wanavyuoni walioipokea na wapo walioitilia shaka, na haki ya elimu ni kuyataja yote mawili. Hata ikiachwa ya soko, ya kuandika yatosha. Na Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake la kuwatibu majeruhi penye msikiti wa Madina, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki aliwekwa humo auguzwe. Hospitali ilikuwa hema ile, na mkuu wake alikuwa mwanamke.

Sasa atainuka mwenye kusema, "Na ile hadithi ya watu waliompa mwanamke amri yao?" Swali hilo ni la haki, na si vyema kulipita kimya kimya. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari, imepokewa na Abu Bakra, na yahusu habari iliyofika Madina kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra. Wanavyuoni wengi waliifahamu kuwa ni juu ya uimamu mkuu, yaani ukhalifa. Walipoteremka chini ya hapo wakahitilafiana. Katika ukadhi, wengi walimkataza mwanamke. Imamu Abu Hanifa aliruhusu katika yale ambayo ushahidi wake hukubaliwa. Na Ibn Jarir at-Tabari yasemekana aliruhusu katika yote. Ikiwa ukadhi wenyewe, wenye kukata haki za watu, una hitilafu ya wakubwa hawa, yuwapi aliyesema kwamba mwanamke hawezi kuwa mkuu wa wauguzi, au mwalimu mkuu, au msimamizi wa ghala? Hadithi imebebeshwa mizigo isiyokuwa yake. Na Kurani, katika Sura ya Namli, imesimulia habari za malkia wa Saba ambaye barua ya Nabii Sulaiman ilipomfikia aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri. Wao wakataja nguvu zao za vita, na amri wakamwachia yeye. Yeye akayafikiri maangamizi ambayo vita huleta mijini, akachagua kupeleka zawadi kwanza ili apime. Katika baraza lile wanaume walikuwa na misuli, naye alikuwa na akili ya kungoja.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili, kwamba uthabiti wa moyo hauji kwa mtu kuambiwa, "Jiamini." Mtu aweza kuambiwa hivyo asubuhi na jioni na asibadilike. Huja anapokabidhiwa kazi inayojulikana, mbele ya watu wanaojua kwamba amekabidhiwa, kisha akaulizwa hesabu yake. Aliyelifahamu jambo hili vizuri ni mwanamke wa Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Nijeria. Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio wa Sokoto, alizaliwa mwaka 1793 na akafa miaka ya 1860. Alikuwa mwanachuoni na mtunzi katika lugha za Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Aliona kwamba wanawake wa vijijini hawapati elimu. Hakuwaandikia tu mashairi; aliwafundisha wanawake walimu, walioitwa jaji, nao wakaenda vijijini kufundisha, na kuwaleta wanawake kwake makundi kwa makundi. Na kila jaji alipewa kofia kubwa ya ukindu iitwayo malfa, yenye kilemba chekundu. Kofia ya namna hiyo ilikuwa alama ya ukubwa. Mwanamke aliyepita njiani amevaa malfa hakuhitaji kueleza yeye ni nani, wala kuomba radhi kwa kusema. Nana Asma'u alijua kwamba kumpa mtu kazi bila ya alama ni kumwacha abishane kila siku mlangoni.

Na wangapi leo wapewao kazi bila ya malfa? Mwanamke aambiwa, "Wewe utakuwa unaangalia-angalia mambo ya hapa," lakini barua ya cheo hapewi, na wenziwe hawaambiwi. Akitoa amri wacheka. Akinyamaza aambiwa hakuweza. Mkuu wa kazi mwenye haki huandika barua, huisoma mbele ya wote, na akaja mtu kwake kulalamika hurudishwa kwa yule aliyepewa barua.

Karibu zaidi na hapa kuna safari ya karani mmoja wa Unguja. Bibi Samia Suluhu Hassan alizaliwa Makunduchi tarehe 27 Januari 1960. Alipomaliza shule mwaka 1977 aliajiriwa kuwa karani katika wizara ya mipango ya Zanzibar. Hakukaa kitini akangoja. Alikwenda kusoma uongozi wa serikali Mzumbe, akamaliza mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 akasoma Uingereza, Manchester. Mwaka 2000 akaingia Baraza la Wawakilishi na kuwa waziri. Mwaka 2010 akawa mbunge wa Makunduchi. Mwaka 2014 makamu wa mwenyekiti wa Bunge la Katiba. Mwaka 2015 Makamu wa Rais. Na tarehe 19 Machi 2021, baada ya kufa Rais John Magufuli, akaapishwa kuwa Rais wa Tanzania, na Msahafu mkononi na mtandio kichwani. Watu wahitilafiana juu ya siasa yake, tena kwa ukali, kama wahitilafianavyo juu ya kila mtawala. Na juu ya urais wa dola za leo, zenye katiba na mabunge, wanavyuoni wa zama hizi nao wana maneno mengi. Hayo si ya mkutano huu. La mkutano huu ni ile miaka 44 kati ya meza ya karani na kiapo. Hapana ngazi aliyoiruka, na kila mahali alipokaa alikuwa ameongeza elimu kabla ya kuongezewa cheo. Binti aliyeajiriwa juzi na leo amekata tamaa, na aihesabu miaka hiyo kwa vidole.

Katika Rwanda yenyewe mlango uko wazi kuliko katika nchi nyingi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha wajane na mayatima wengi mno, na wanawake wakashika jembe, na duka, na vikao vya mtaa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kushika. Sheria ya mwaka 1999 ikampa mtoto wa kike haki ya kurithi. Katiba ya mwaka 2003 ikaweka kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya kuamua. Katika uchaguzi wa mwaka 2008 wanawake wakapata viti 45 katika 80 vya Baraza la Wabunge, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani yenye wanawake wengi kuliko wanaume bungeni. Mwaka 2024 wakawa 51. Na hapa hapa Nyamirambo, mwaka 2007, wanawake 18 wa mtaa walikusanyika wakaanzisha kituo chao. Walianza na kusoma na kuandika, na kushona, na baadaye wakawatembeza wageni katika mtaa na kuwauzia kazi za mikono yao. Mtu aweza kupita penye vyerehani vile asione jambo. Lakini mwanamke aliyekuwa hawezi kuandika jina lake, na sasa apima kitambaa, aandika bei, na abishana na mteja aliyetoka Ulaya, huyo amekwisha fika mbali.

Basi sheria imefungua. Waislamu nao wasibaki wakiwa watu wa mwisho kuingia, kama ilivyokuwa katika shule.

Yapo ya kuwaambia mabinti wenyewe. La kwanza ni kuijua kazi. Sauti isiyokuwa na hesabu nyuma yake hugunduliwa haraka, iwe ya mwanamume au ya mwanamke. La pili ni kusema mapema katika mkutano, japo neno moja la kuuliza, kwa kuwa anayengoja mpaka apate maneno mazuri hukuta mkutano umefungwa. La tatu ni gumu zaidi, nalo ni kumkosoa mtu mzima. Binti wa miaka 28 amefanywa msimamizi, na chini yake kuna mzee wa miaka 55 ambaye nyumbani angemwamkia kwa kuinama. Mzee amechelewa siku tatu mfululizo. Wengine hunyamaza kwa heshima, na kazi ikaharibika. Wengine humfokea mbele ya watu ili waonekane wakubwa, na hao wameifanya haramu heshima iliyo halali. Njia ipo. Amwamkie, "Shikamoo mzee," amwite kando mahali panapoonekana na watu, amwambie kwa upole, "Mzee wangu, siku tatu hizi umefika saa tatu, na wenzako hufika saa mbili. Kesho uwe hapa saa mbili. Na leo nitaandika." Kisha aandike kweli. Shikamoo haikuipunguza amri, na amri haikuivunja shikamoo. Anayedhani kwamba uongozi ni kukunja uso amejifunza kwa wakubwa wabaya, na wakubwa wabaya wa kike wapo, wala hakuna faida ya kuwaficha.

Na yapo ya waume na mababa. Baba mmoja husema, "Simpeleki binti yangu ofisini, kwa kuwa wakubwa wa maofisi hutaka kisichotakika." Hofu hiyo si ya bure. Wapo wakubwa wanaouza vyeo kwa heshima za watoto wa watu, na ni dhulma kubwa mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini baba afikiri: binti wa jirani yake, aliye maskini, hana budi aende huko huko. Nani atamlinda? Mahali ambapo mkuu ni mwanamke mwadilifu, au wakubwa wa kike wako wa kutosha, msichana aliyekutwa na jambo ana mlango wa kubisha na mtu wa kumwambia. Kuwaweka ndani waliosoma na wenye nguvu ni kuwaacha nje wasiokuwa na mtetezi.

Kadhalika mshahara. Hukumu yajulikana, ila husahauliwa kila mwisho wa mwezi: alichokichuma mwanamke ni mali yake, na chakula, mavazi na makazi ya nyumba ni juu ya mume. Akisaidia, na wengi husaidia kwa moyo mweupe, hiyo ni sadaka yake na ana thawabu zake. Mume achukuaye mshahara wote kisha akamwachia nauli ya basi, ajue anafanya nini zaidi ya dhulma ya fedha. Mwanamke asiyekuwa na akiba hawezi kumwambia mkuu wa kazi, "Hesabu hii ya uwongo siitii sahihi," kwa kuwa kesho akifukuzwa hana hata ya kununulia unga. Mwenye akiba ya miezi mitatu huweza. Uthabiti wa kazini pengine umo katika kijitabu kidogo cha benki, chenye jina lake peke yake.

Yabaki mambo ya chama. Katika vyama vingi vya Waislamu wanawake ndio wapikao futari ya Ramadhani, ndio wapitao nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa maziko, ndio wawafundishao watoto wadogo alifu na be. Fedha walizozikusanya huingia katika daftari wasilolishika, na hutolewa kwa sahihi wasizozitia. Mwisho wa mwaka huitwa wakashukuriwa kwa makofi. Kisha mzee husimama akasema kwamba akina mama hawana uzoefu wa fedha.

Yafaa, chama kitakapochagua wenye kazi wake, mtunza fedha au naibu wake awe mwanamke aliyesoma hesabu, naye si haba katika mtaa huu. Asiitwe mjumbe wa akina mama. Aitwe kwa jina la kazi yake, na sahihi yake itakikane benki pamoja na ya mwenyekiti, ili fedha zisiweze kutoka bila yake. Barua yake isomwe baada ya sala ya Ijumaa, na wanawake waisikie nao. Kiti chake kiwe mezani, penye daftari. Mkutano wa hesabu uwe baada ya Alasiri, kwa kuwa uwekwao baada ya Isha huwaacha nje wenye watoto wachanga na wakaao mbali, kisha husemwa walialikwa wasije. Na atakapokosea, kwa kuwa atakosea kama walivyokosea waliomtangulia, aulizwe kama walivyoulizwa wao, na alipe kama walivyolipa, pasiwe na wa kusema kwamba ndiyo maana wanawake hawapewi. Kabla ya kutia sahihi yake ya kwanza, apewe daftari la mwaka uliopita alisome peke yake kwa utulivu, juma zima, na yeyote atakayeulizwa naye juu ya mstari wowote amjibu.